Kuweka graviti kwenye planti ya dhahabu ambayo tayari inafanya kazi, hatua kwa hatua

Naandika hii sababu maswali ni yale yale kila wiki. Kuna vijana wetu wa Malindi, Mambrui na Gongoni waliojifunza pampu na mabomba kwenye kampuni za chumvi, sasa wengine wako Migori na Kakamega, wengine wamevuka mpaka Geita na Chunya, na mtu akishakaa kidogo kwenye planti ya dhahabu ananipigia, kaka bosi anataka kununua Knelson (konsentreta, yaani mtambo wa graviti unaozunguka na kunasa dhahabu kwa uzito wake), tuiweke wapi? Na swali la pili huwa, itatuongezea dhahabu ngapi? Hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa hivyo nianze na jibu la swali la pili kabla ya kugusa bomba lolote.

Dhahabu unayoitoa kwenye mtambo wa graviti si yote ni faida mpya. Sehemu kubwa ya hiyo dhahabu ingepatikana tu kwenye matangi ya sianidi (dawa inayoyeyusha dhahabu) hata bila huo mtambo. Tuchukue mfano, planti inasaga tani 200 kwa siku, mawe yana gramu 4 kwa tani, ni gramu 800 zinaingia. Marudio, yaani tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa, yanatoka na gramu 0.6 kwa tani, yaani gramu 120 zinaenda bwawani kila siku. Umeweka mtambo, kila siku unatoa gramu 250 kwenye ndoo, watu wanashangilia wanapiga picha. Sasa pima marudio, yameshuka mpaka 0.5. Faida yako ya kweli ni gramu 20 kwa siku, si 250. Gramu 20 bado ni pesa nzuri tu, lakini ukiwa umemuahidi mwenye mali 250 mtagombana. Kipimo ni marudio. Si ndoo.

Kwa nini basi graviti inasaidia? Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, mawe ya kawaida ya kwatsi ni mara 2.65 tu. Na dhahabu haivunjiki kama jiwe, ukiigonga inatandazika, kwa hivyo ikiingia kwenye bolmili (pipa la kusagia lenye mipira ya chuma) inazunguka humo na saikloni (inayotenganisha punje nzito chini na laini juu) inairudisha kila mara kwa vile ni nzito. Punje kubwa ikija kutoroka ikaingia kwenye sianidi haina muda wa kuyeyuka. Punje nene ya maikroni 150 (maikroni 1000 ni milimita moja) inataka kama saa 44 hata mambo yote yakiwa sawa, na matangi mengi yanashika tope kwa saa 24 au 30 hivi. Inayobaki inaenda na marudio. Hiyo ndio dhahabu unayoitafuta, nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mchoro wa planti yako kama ilivyo leo, si ule wa mkandarasi wa zamani. Tembea na kalamu, fuata kila bomba kwa macho.
- Tani kwa saa za kweli, zilizopimwa kwenye mkanda. Ukiuliza watu utaambiwa namba nzuri kila siku.
- Maabara ya kupima dhahabu unayoiamini, ikiwezekana iwe nje ya planti.
- Chekecho za maabara: milimita 2, maikroni 850, 150, 106, 75 na 38.
- Mizani ya kupima uzito wa tope, ile ya kikombe cha lita moja.
- Karai ya kuosha dhahabu na mtu anayejua kuitumia.
- Maji safi yenye presha isiyoyumba, na tanki lake lenyewe.
- Nafasi ya kwenda juu. Ukiwa huna mita mbili tatu za kimo kati ya saikloni na sampu (tanki la chini la kukusanyia tope) utalazimika kuweka pampu nyingine, na pampu ya tope la mchanga mzito ni gharama isiyoisha.
- Ruhusa. Kenya unaongea na NEMA na watu wa madini chini ya Sheria ya Madini ya 2016, Tanzania ni NEMC na Tume ya Madini. Unabadilisha planti, usifikiri cheti cha mazingira cha zamani kinafunika kila kitu.

Kama hujawahi kushika karai, jifunze nyumbani kabla hujasafiri. Nenda Mambrui au upande wa mdomo wa Sabaki ujaze ndoo moja ya ule mchanga mweusi, ule ni mzito, una madini ya titani. (Ule unaometameta kama dhahabu ni maika, usijisumbue nao.) Chukua chubwi ya mshipi, kata vipande vidogo vidogo kama kichwa cha pini, hesabu 20, nusu yao vigonge na nyundo viwe bapa. Changanya na mchanga kwenye karai, osha kwenye beseni mpaka ubaki na kijiko kimoja, kisha hesabu tena. Chubwi ni ya risasi, ina uzito mara 11 wa maji, ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hivyo ukiweza kubakisha zote 20 mkono wako uko sawa. Utaona vile vya bapa ndivyo vinavyokimbia. Kwenye planti ni vivyo hivyo, dhahabu ya bapa ni ngumu kunasa kuliko ya duara hata kama uzito ni mmoja. Risasi ni sumu lakini, vaa glavu, usikate jikoni, watoto wasiguse, na yale maji ya beseni usimwage kisimani.

Hatua zenyewe

1. Tafuta dhahabu inapotelea wapi. Chukua sampuli sehemu tano: mawe yanayoingia, tope linalotoka kwenye bolmili, tope la chini la saikloni, tope la juu la saikloni, na marudio ya mwisho. Chukua kidogo kidogo kila nusu saa kwa shifti nzima, usijaze ndoo mara moja ukasema umemaliza. Marudio yapitishe kwenye chekecho na kila saizi ipimwe peke yake. Hii ndio hatua muhimu kuliko zote na ndio watu wanairuka. Kama dhahabu ya kwenye marudio iko kwenye saizi kubwa na ni punje huru, graviti itakusaidia. Kama imefungwa ndani ya jiwe au ndani ya salfaidi (madini yenye salfa), au ni vumbi laini kabisa, mtambo hautaiona, wewe shida yako ni kusaga au ni sianidi. Nimeona watu wamenunua mashine ya pesa nyingi kumbe kilichohitajika ni kubadilisha mipira ya bolmili.

   Maabara waombe wapime kwa njia ya kuchekecha kwanza, kilo moja ipitishwe kwenye chekecho la maikroni 106 au 75 na zile punje kubwa zote zichomwe peke yake. Ukipima gramu 30 za kawaida kwenye mawe yenye dhahabu ya punje, punje moja tu ikiingia namba inaruka juu, isipoingia inaanguka, na utakua unafukuza kivuli.

2. Pima ni kiasi gani kinaweza kunaswa. Kipimo kinachotumika duniani kilitengenezwa na Profesa Laplante wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Sampuli ya kilo 20 na kuendelea inasagwa mpaka yote ipite maikroni 850, inapitishwa kwenye konsentreta ndogo ya maabara, yaliyobaki yanasagwa laini zaidi yanapitishwa tena, kisha mara ya tatu mpaka asilimia 80 ipite maikroni 75. Jumla ya kilichonaswa ndio dhahabu inayowezekana kwa graviti. Usichukue hiyo asilimia ukaiandika kwenye bajeti kama ilivyo, kwenye planti utanasa chini ya hapo kwa sababu hupitishi tope lote na hupitishi kwa utaratibu ule wa maabara. Ikitoka chini ya asilimia 10 mimi ningemwambia mwenye mali atulie kwanza.

3. Chagua pa kukata tope. Kwa planti yenye bolmili na saikloni, kata kwenye tope la chini la saikloni. Hapo ndipo dhahabu imejikusanya, na ni zito kwa hivyo unashughulika na maji machache. Wengine wanakata kwenye bomba linalopeleka tope kwenye saikloni, inafaa kama kimo kinakubana. Usikate kwenye tope la juu la saikloni, dhahabu ya pale ni ile laini iliyokwisha kupita, na usikate baada ya sianidi kwa matumaini ya kuokota.

4. Piga hesabu ya kiasi. Planti ya tani 10 kwa saa yenye mzigo unaozunguka (tope ambalo saikloni inarudisha bolmili) wa asilimia 250 ina tani 25 kwa saa zinazorudi bolmili kutoka chini ya saikloni. Huna haja ya kupitisha zote. Asilimia 30, yaani kama tani 7.5 kwa saa, ni mwanzo mzuri, sababu dhahabu inazunguka na itapita tena mbele yako. Nunua mashine kwa hizo tani 7.5 pamoja na akiba kidogo, wala usimsikilize muuzaji anayetaka kukuuzia kubwa mara mbili. Kubwa inakula maji mengi na maji hayo yote yanaishia kwenye sampu yako.

5. Weka skrini kabla ya konsentreta. Matundu ya milimita 2 ndio kawaida. Kinachobaki juu kinarudi bolmili, kinachopita chini kinaingia kwenye mashine. Skrini hii inazuia vipande vya mipira ya chuma, kokoto na vijiti vya mbao. Weka mnyunyizo wa maji juu yake maana tope la chini la saikloni ni zito sana, asilimia 70 na zaidi ni mchanga, bila maji halipiti. Na weka mahali ambapo fundi anaweza kusimama akaona paneli zote, sababu paneli ikitoboka na hakuna aliyeona, ndani ya shifti moja bakuli la mashine limejaa kokoto.

6. Jenga msingi na kimo. Konsentreta ya kuzungusha, iwe Knelson, Falcon au zile za kichina, inazunguka kwa nguvu ya mara 60 ya mvutano wa dunia na nyingine zinafika 200. Ikikaa kwenye chuma chembamba itatikisika na beringi haitadumu. Mabomba ya tope yawe na mteremko mkali, kona zisiwe za ghafla, na kila kona iwe na mahali pa kufungua. Weka baipasi (njia ya tope kuikwepa mashine) tangu siku ya kwanza. Mashine inapojisuuza fidi (tope linaloingia) lazima iende mahali pengine kwa dakika moja mbili, na siku ikiharibika planti isisimame.

7. Maji ya presha. Ndani ya bakuli kuna vitundu vidogo vinavyopuliza maji ili mchanga usigande na dhahabu ipate nafasi ya kuzama. Maji yakiwa mekundu kama Sabaki wakati wa masika vitundu vinaziba na mashine inageuka ndoo inayozunguka tu. Kwa hivyo tanki lake, filta mbili sambamba uweze kusafisha moja huku nyingine inafanya kazi, na geji ya presha ambayo mtu anaisoma na kuandika. Usichukue maji haya kwenye laini moja na bomba la kuoshea sakafu, mtu akifungua hosi presha inaanguka na dhahabu iliyonaswa inaoshwa yote.

8. Rudisha marudio ya mtambo mahali sahihi. Yanaenda kwenye sampu ya bolmili, pale tope linapotokea kuelekea saikloni. Usiyarudishe kwenye mdomo wa bolmili, ni mepesi sana, yatalainisha tope la ndani na kusaga kutaharibika. Halafu, na hili watu wengi hawalijui, maji yote ya konsentreta sasa yameingia kwenye sampu, kwa hivyo punguza maji mengine uliyokua unaongeza pale kwa kiasi kile kile. Usipopunguza, tope linaloingia saikloni linakua jepesi, saizi ya kukata inabadilika, na utalaumu mtambo mpya kumbe ni vali moja haijaguswa.

9. Andaa chumba cha dhahabu. Konsentreti, yaani ule mchanga wenye dhahabu ulionaswa, inashuka moja kwa moja kwenye tanki lililofungwa, ndani ya kizimba cha chuma, kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, kamera juu. Dhahabu iliyo kwenye kaboni (makaa yanayonyonya dhahabu kwenye sianidi) si rahisi kuiweka mfukoni, hii ya graviti inaonekana kwa macho na inabebeka. Kufuli mbili zinalinda mali na zinamlinda na kijana wa shifti asisingiziwe. Ndani unahitaji sumaku ya kutoa chuma cha mipira, meza ya kutikisa, na sehemu ya kukaushia. Planti kubwa zinapeleka konsentreti kwenye tangi dogo la sianidi kali badala ya meza, inanasa zaidi na mikono haigusi, lakini kwa planti ndogo meza inatosha. Marudio ya meza hayatupwi, yanarudi bolmili, bado yana dhahabu nyingi.

10. Washa kwa utaratibu. Kwanza maji peke yake, soma presha, angalia kila vitundu vinapuliza. Halafu fungua fidi robo, nusu, mpaka kiasi chako. Wiki ya kwanza usibadilishe vitu viwili kwa siku moja. Ukibadilisha presha na muda wa mzunguko (muda mashine inanasa kabla haijajisuuza) pamoja hutajua kilichosaidia ni kipi.

11. Tafuta muda wa mzunguko. Endesha kwa dakika 15, kisha 30, kisha 45, kisha 60, kila muda rudia mara kadhaa, pima dhahabu iliyopatikana. Mwanzoni inapanda haraka, kuna mahali inaanza kulegea, hapo bakuli limejaa na dhahabu mpya inaitoa ya zamani. Kata kabla kidogo ya hapo. Muda mfupi zaidi unanasa zaidi lakini unakuletea konsentreti nyingi ya kuosha kwenye meza, na kama una mtu mmoja tu chumbani atazidiwa.

12. Kuyeyusha. Kausha kabisa. Nasema kabisa. Unyevu ukiingia kwenye chungu chenye dhahabu iliyoyeyuka kinalipuka na kumrukia mtu usoni, na kalibu ya kumiminia nayo ipashwe moto kwanza. Boraksi ndio dawa kuu, silika na magadi kidogo, chumvi ya naitreti kama kuna chuma au salfaidi iliyobaki. Dhahabu inayeyuka nyuzi 1064, tanuri lifike 1100 na kuendelea ili takataka nazo ziwe nyepesi zitengane vizuri. Ngao ya uso, aproni ya ngozi, na feni ya kutoa moshi.

Zebaki

Utaambiwa na mtu, tia zebaki kwenye konsentreti umalize haraka. Usifanye. Ule mvuke unaingia kichwani na kwenye figo, na moshi wake unawafikia waliolala nyumba ya pili. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliandikwa kwa ajili ya mambo haya haya. Kibaya zaidi ni kuchukua marudio yaliyopita kwenye zebaki ukayatia sianidi, sianidi inaiyeyusha zebaki na kuisambaza kwenye maji mbali zaidi. Kama planti yako inanunua marudio ya wachimbaji wadogo, yapime zebaki kabla hayajashushwa kwenye lori. Ukiwa na meza nzuri na boraksi huna sababu yoyote ya kuigusa.

Kama huna pesa ya konsentreta

Bolmili ndogo ya tani moja mbili kwa saa inaweza kuanza na slusi (mfereji wa kuoshea dhahabu) yenye kapeti kwenye mdomo wa kutokea. Mteremko uwe wa kuweza kurekebishwa, tope liwe jembamba na la kasi moja, kapeti zioshwe kabla hazijajaa. Ukiona mchanga mweusi umefunika nyuzi zote, umechelewa, dhahabu inateleza juu yake. Weka kapeti mbili za mwisho uzipime peke yake, kama bado zina dhahabu nyingi basi slusi ni fupi au unapitisha haraka mno.

Mambo yakiharibika

*Konsentreti imepungua ghafla.* Angalia presha ya maji kwanza, halafu vitundu vya bakuli, halafu skrini. Kwa mpangilio huo. Kama vyote viko sawa uliza mgodini wanachimba wapi wiki hii, huenda mawe yamebadilika.

*Bakuli limeganda ngumu kama simenti.* Chuma cha mipira kimejaa au maji ni machache. Weka sumaku kabla ya skrini, ongeza presha kidogo kidogo. Ukiongeza sana utaosha dhahabu laini.

*Konsentreti ni nyingi lakini ni mchanga mweusi mtupu.* Mawe yana salfaidi au magnetaiti nyingi. Fupisha mzunguko na upandishe maji taratibu huku unapima.

*Mashine inatetemeka.* Zima. Mara nyingi upande mmoja wa bakuli umeziba au mpira wake umeliwa. Usiendelee kwa kusema tutamaliza shifti.

*Tope la juu la saikloni limekua la punje kubwa tangu tuweke mtambo.* Rudi hatua ya 8, angalia maji ya sampu kwanza.

*Dhahabu inaonekana kwenye marudio ya meza.* Unalisha haraka, au umechanganya saizi kubwa na ndogo pamoja. Chekecha mara mbili, osha kila saizi peke yake, punguza mteremko.

*Ndoo inajaa lakini marudio ya mwisho hayajashuka hata kidogo.* Hapa mtambo unachukua tu dhahabu ambayo sianidi ingeichukua. Kabla hujasema ni hasara angalia kama kaboni yako inabeba dhahabu kidogo zaidi na kama sianidi unayotumia imepungua, na mkija kufungua bolmili kubadilisha laina (bamba za ndani) angalia kama chini yake kuna dhahabu kidogo kuliko zamani, maana huko nako huwa inajificha nyingi. Kama hakuna hata kimoja kilichobadilika, rudi hatua ya kwanza upime tena marudio kwa saizi, na ukinipigia niletee hizo namba za saizi, si picha ya ndoo.